Asiyejua Hesabu Msimsukume Kwenye Biashara

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka na Hisabati ikawa F, kuna faraja moja ambayo wazazi, majirani na hata walimu huitoa bila kufikiri: "Si kitu, huyu atafanya biashara." Maneno hayo yana nia njema, lakini yanaangamiza. Yanamfundisha kijana kwamba biashara ni kimbilio la walioshindwa na hesabu, kwamba sokoni inatosha kujua kujumlisha, kutoa na kurudisha chenji, na kwamba yaliyobaki ni ujanja, uvumilivu na bahati. Mimi nasema kinyume chake. Hakuna anayehitaji takwimu kumzidi mfanyabiashara mdogo, na shule zetu zinamtoa mlangoni bila kumwonyesha hata moja kati ya matumizi yake.

Wanaofarijiwa hivyo si wachache. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi Hisabati imekuwa somo linaloongoza kwa kufelisha. Katika mtihani wa mwaka 2022 aliyefaulu alikuwa takriban mmoja kati ya watahiniwa watano. Wengi wa hao wengine hawaendi maofisini. Wanaishia kwenye genge, kibanda cha chipsi, duka la vipuri, bodaboda na meza ya nguo za mitumba. Yaani tunawapeleka kwa wingi kwenye kazi ambayo kila asubuhi inadai makadirio: ninunue kiasi gani, niuze bei gani, nikope au nisikope.

Kampuni kubwa ikikosea makadirio, itapata hasara, itamfukuza meneja na kuendelea. Mama lishe akikosea wiki mbili mfululizo, mtaji umekatika. Ndiyo maana dhana kwamba takwimu ni za makampuni makubwa imekaa kichwa chini miguu juu.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wenye namba za mtaani. Mama lishe anapika karibu na saiti ya ujenzi. Sahani ya wali inamgharimu shilingi 1,500 na anaiuza 2,500. Kiporo hakiuziki. Kwa siku 20 ameandika daftarini idadi ya wateja waliokuja, wakiwemo wale waliokosa chakula. Siku 4 walikuja wateja 20, siku 7 walikuja 30, siku 4 walikuja 40, siku 3 walikuja 50, na siku 2 za malipo ya vibarua walikuja 80. Apike sahani ngapi kila siku?

Mwanafunzi wetu hodari atakimbilia wastani. Jumla ya wateja ni 760. Gawanya kwa 20, unapata 38. Kwenye mtihani atawekewa vema. Sasa mpeleke jikoni. Mama akipika sahani 38 kila siku, katika siku hizo 20 atauza sahani 632 na kutupa 128, na faida yake itakuwa shilingi 440,000. Akipika 30 tu, atauza 560, atatupa 40, na faida itakuwa shilingi 500,000. Jibu lile lile linalopata alama zote darasani ndilo linalompotezea mama lishe shilingi 60,000.

Kwa nini? Kwa sababu wastani umevutwa juu na zile siku mbili za malipo, na kwa sababu makosa mawili yanayowezekana hapa hayalingani. Sahani iliyopungua inamkosesha faida ya 1,000. Sahani iliyobaki inamtia hasara ya 1,500. Kanuni yake ni rahisi: gawanya 1,000 kwa jumla ya 1,000 na 1,500, unapata asilimia 40. Basi apike kiasi kidogo kabisa kinachotosheleza wateja wote katika angalau asilimia 40 ya siku zake. Sahani 20 zinatosheleza siku 4 kati ya 20, yaani asilimia 20, hazifiki. Sahani 30 zinatosheleza siku 11, yaani asilimia 55. Jibu ni 30.

Na soda je? Soda ambayo haikuuzwa leo itauzwa kesho. Kubaki nayo hakumtii hasara kubwa, kwa hiyo katika soda mama huyo huyo, mwenye wateja wale wale, anafanya vizuri kujiwekea akiba ya kuikidhi hata siku ya watu 80. Maamuzi mawili tofauti yametoka kwenye jedwali moja. Namba haikuamua peke yake. Iliamua ilipokutana na gharama ya kukosea. Huo ndio moyo wa takwimu za biashara, na kijana wa miaka 16 anaweza kuuelewa kwa vipindi viwili.

Uchungu wangu ni kwamba zana zote hizo zimo tayari kwenye silabasi ambayo Tanzania imeitumia kwa miaka mingi. Jedwali la marudio na mchoro wa marudio limbikizi hufundishwa kidato cha pili. Wastani, kidato cha tatu. Uwezekano, kidato cha nne. Ule mchoro wa marudio limbikizi ambao wanafunzi huuchora kwa penseli na rula bila kuambiwa wa nini, ndio unaojibu swali la sahani ngapi. Lakini maswali tunayowapa yanaishia penye "tafuta wastani". Hakuna anayemuuliza mwanafunzi: baada ya kuupata, ungeamua nini, na ukikosea utapoteza kiasi gani?

Mtaala mpya ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2024 umelipa nafasi somo la Elimu ya Biashara, na hilo ni jambo la kupongeza. Ila likifundishwa kwa kukariri maana ya biashara, aina za masoko na sifa za mjasiriamali, huku mwalimu wa Hisabati akiwa chumba cha pili na alama za kubuni za wanafunzi 40, tutakuwa tumeongeza kitabu kwenye mkoba na si akili kwenye duka. Kenya nako, mpango wa kuifanya Hisabati kuwa somo la hiari katika sekondari ya juu uliwahi kupata nguvu hadi malalamiko ya umma yakailazimu wizara, mwaka 2025, kutangaza kwamba kila mwanafunzi atasoma Hisabati ya namna fulani. Kwamba wazo lile lilifika mbali kiasi hicho kunaonyesha jinsi imani hii ilivyoota mizizi.

Wanaoitetea imani hiyo wana hoja nzito moja: masoko ya Kariakoo na Gikomba yamejaa matajiri ambao hawakumaliza shule. Ni kweli, na nawaheshimu. Lakini mwenye duka mzoefu anayejua bila kufungua daftari kwamba wiki ya tatu ya mwezi mauzo hushuka, anafanya takwimu kichwani. Jicho lake ni miaka ya kumbukumbu. Tatizo ni bei aliyolipia jicho hilo, na udhaifu wa kumbukumbu zenyewe. Mtu huikumbuka siku aliyouza hadi rafu zikabaki tupu. Zile siku nyingi za kawaida zinafutika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari lisilosomwa nalo huacha mali iishe, tofauti ni kwamba habari inabaki kwenye karatasi.

Tena daftari linahitaji kusomwa kwa akili. Muuza tende, tambi na kanzu wa Mombasa au Zanzibar anayelinganisha mauzo ya Machi mwaka huu na ya Machi mwaka jana atajidanganya, kwa sababu Ramadhani huja mapema kwa siku kama 11 kila mwaka katika kalenda ya miladi. Atadhani biashara imekufa au imepaa, kumbe mfungo umehama. Kulinganisha vinavyolingana ni somo la takwimu. Wapo watakaosema riziki haipimwi kwa jedwali. Nawakumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Kuandika na kuhesabu hakujawahi kuwa upungufu wa imani.

Hoja ya matajiri wasiosoma ina ufa mwingine. Inawahesabu waliobaki peke yao. Kwenye semina za ujasiriamali anapanda jukwaani aliyeanza na shilingi elfu hamsini akafika kwenye ghorofa. Aliyefunga duka haalikwi. Utafiti wa Shirika la Takwimu la Kenya wa mwaka 2016 kuhusu biashara ndogo ulikadiria kuwa biashara milioni 2.2 zilifungwa katika kipindi cha miaka mitano. Sauti za wenye biashara hizo hatuzisikii, ndiyo maana tunaamini kwamba njia ni nyeupe.

Kukosa mafunzo haya kunagharimu vijiji vizima. Kati ya mwaka 2013 na 2014, Wakenya wengi walikimbilia kufuga kware. Yai la kware liliuzwa kwa bei iliyozidi mara kadhaa ile ya yai la kuku, na sifa za tiba zikatangazwa kila kona. Lakini sehemu kubwa ya soko lile haikuwa ya walaji. Ilikuwa ya wafugaji wapya wanaotafuta mayai na vifaranga vya kuanzia. Wageni walipoadimika, bei ikaporomoka, na watu wakabaki na mabanda na madeni. Mwanafunzi aliyefundishwa maana ya sampuli angeuliza swali moja kabla ya kutoa senti: hao wanaosema soko lipo ni akina nani, na wanamuuzia nani?

Wakati sisi tunajifariji, upande wa pili wa kaunta unahesabu. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwishoni mwa mwaka 2012, kiwango cha mkopo wa mteja kilipangwa kwa kuchambua nyendo zake za simu na pesa, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mkopeshaji anajua, kwa kundi zima la watu kama wewe, wangapi watachelewa kulipa. Mkopaji hajui hata katika miezi 12 iliyopita ni mingapi ambayo faida yake ingetosha kufidia ada hiyo. Kumbukumbu za miamala yake zimo mfukoni mwake mwenyewe, hajafundishwa kuziuliza.

Nitaambiwa kwamba takwimu zinataka kompyuta na data nyingi. Si kweli. William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha mwaka 1908, kwa jina la kificho la "Student", mbinu ambayo hadi leo ni nguzo ya takwimu. Aliitafuta kwa sababu majaribio yake ya shayiri na bia yalimpa vipimo vichache mno, na uamuzi ulitakiwa hata hivyo. Takwimu za namba chache zilizaliwa kutokana na shida ya biashara. Daftari la siku 20 si aibu, mradi tumfundishe mwanafunzi kutoliamini kupita kiasi.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Kila shule yenye kantini iwape wanafunzi wa kidato cha tatu daftari lake la mauzo, wapendekeze idadi ya maandazi ya wiki ijayo, kisha warudi kupima walikosea kwa kiasi gani na hasara ilikuwa shilingi ngapi. Walimu wa Hisabati na wa Biashara wapewe vipindi vya kufundisha pamoja. Na mabaraza ya mitihani yaweke angalau swali moja ambalo mwanafunzi hapati alama zote kwa kutaja wastani, mpaka aamue na kutetea uamuzi wake kwa namba. Walimu wetu hufundisha kile kinachotahiniwa. Swali hilo moja litabadilisha madarasa haraka kuliko waraka wowote.

Mtaji wa kwanza wa kijana hutoka kwenye kikoba cha mama au mbuzi aliyeuzwa kijijini, na mara nyingi hakuna wa pili. Kumkabidhi fedha hiyo huku tukimwambia kwamba biashara haitaki hesabu ni kulichezea kamari jasho la familia nzima. Hisabati ikimshinda mtoto, msimwambie atafanya biashara. Mfundisheni takwimu upya, kwa namba za sokoni, kwa sababu huko mnakompeleka ndiko atakakozihitaji zaidi.