Mafuta ya Kujikinga na Jua Yafike Visiwani

Linapozungumzwa suala la afya ya wananchi wa visiwani na wa mwambao wa Ziwa Viktoria katika Mkoa wa Mara, yanayotajwa kwanza ni malaria, kichocho, kuhara na ajali za majini. Hayo yana haki ya kutajwa. Lakini leo tunawaomba wananchi na viongozi walitazame jambo moja ambalo kwa kawaida huonekana dogo, nalo ni utunzaji wa ngozi. Kwa wengi wetu ngozi ni jambo la maji, sabuni na mafuta ya kupaka baada ya kuoga. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ngozi ni jambo la kufa na kupona.

Musoma iko kiasi cha nyuzi moja na nusu tu kusini ya Ikweta, na uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mahali kama hapa jua la adhuhuri huwa karibu na utosi mwaka mzima, na upepo wa ziwa humdanganya mtu akadhani jua ni la kadiri, kumbe linachoma. Mawingu hayaizuii mionzi hiyo yote. Sehemu yake huakisiwa na maji na mchanga, ikampata usoni hata mtu aliyevaa kofia. Mvuvi aliye mtumbwini na mama anayeanika dagaa mwaloni hupigwa na jua kutoka juu na kutoka chini.

Aliyezaliwa na rangi nyeusi amepewa mwavuli wake tangu tumboni. Rangi hiyo ndiyo inayoizuia mionzi isipenye na kuharibu chembe hai za ngozi. Mwenye ualbino amezaliwa bila mwavuli huo. Hali yake si laana wala si kosa la mama yake. Ni urithi unaotoka kwa baba na mama wote wawili, na kila mmoja wao aweza kuwa mweusi kabisa asijue kwamba anao. Kwa sababu ya upungufu huo wa rangi, jua ambalo mwenzake analiota asubuhi kwa raha, yeye linamwachia malengelenge, madoa na mikwaruzo, na mwisho vidonda.

Mambo haya hayakujulikana jana. Mwaka 1985 madaktari waliofanya kazi Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao juu ya ngozi za Watanzania wenye ualbino, wakaonyesha kwamba uharibifu huanza mapema sana, katika utoto. Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda yetu, walichapisha taarifa ya wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa hapo saratani ya ngozi. Nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 30. Nusu yao walikuwa wamekaa na ugonjwa kwa miaka miwili au zaidi kabla ya kufika hospitalini. Wengi walikuwa na vidonda kichwani na shingoni, mahali ambapo jua hupiga kwanza. Na sababu kubwa ya kuchelewa kwao ilikuwa ukosefu wa fedha.

Tunaomba kila kiongozi aisome tena sentensi hiyo ya mwisho. Hao hawakuchelewa kwa uzembe. Walichelewa kwa kuwa nauli ya boti, nauli ya basi, chakula cha mjini na gharama za matibabu zilikuwa nje ya uwezo wao. Kutoka Musoma mjini hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Kwa mtu wa Rukuba, au wa Nafuba katika Wilaya ya Bunda, safari hiyo haianzii barabarani, inaanzia majini.

Katika miaka ya 2007 na 2008 taifa letu lilitikiswa na habari za mauaji ya watu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Serikali ilikemea, vyombo vya dola vikafanya kazi, na wananchi wengi waliona aibu. Ulinzi huo hauna budi kuendelea bila kulegea. Hata hivyo, madaktari wamekuwa wakitueleza kwamba adui anayewaua wengi zaidi miongoni mwa ndugu hao ni saratani ya ngozi. Muuaji mwenye panga hukimbizwa na kijiji kizima. Jua huua polepole, mchana kweupe, mbele ya macho yetu, wala hapana anayepiga yowe.

Ubaya wa jambo hili huongezwa na namna tunavyoishi. Ualbino hudhoofisha macho pia. Mtoto asiyeona vizuri ubaoni, akikosa kukaa mbele na kukosa miwani, hushindwa masomo si kwa ujinga bali kwa kutoona. Akiacha shule, kazi inayomngoja kisiwani ni ya juani: kuanika dagaa, kuvuta makokoro, kubeba mizigo mwaloni. Huko Butiama na Bunda bara itakuwa palizi ya mihogo na mahindi, au kuponda mawe kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa hiyo dawati la mbele katika shule ya msingi ni kinga ya ngozi sawasawa na kofia.

Lipo jambo jingine linalotusikitisha. Sheria ya mwaka 2003 ya chakula, dawa na vipodozi iliweka msingi wa kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na sumu nyingine za kuchubua ngozi. Pamoja na marufuku hayo, si vigumu kukuta krimu za namna hiyo zikiuzwa kwa siri au hadharani katika masoko yetu. Bidhaa ya magendo ya kumwondolea mtu weusi aliojaliwa hupata njia ya kuvuka maji mpaka gengeni. Mafuta ya kumkinga yule aliyezaliwa bila weusi huambiwa kwamba usafiri ni mgumu. Biashara ya madhara ikiweza kufika kisiwani, huduma ya Serikali haiwezi kushindwa.

Wala hatuwezi kusema kwamba mafuta hayo ni kitu cha Ulaya kisichopatikana. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza kazi mwaka 1992, na hapo ndipo yalipoanzishwa mafuta ya Kilisun, yaliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino wa mazingira yetu. Hata jirani zetu wa Ukerewe, ng'ambo ya kivuko cha Kisorya, wameona kliniki za ngozi na macho zikiendeshwa kisiwani kwa msaada wa mashirika ya hiari. Viongozi wa Serikali nao wamekwisha kusema hadharani, na zaidi ya mara moja, kwamba mafuta kinga ni dawa wala si kipodozi. Ujuzi upo na kauli zipo. Linalohitajika ni kuhakikisha kwamba chupa inafika mkononi mwa mwenye kuihitaji, kila mwezi bila kukosa. Kauli haipakwi usoni. Yanayopakwa ni mafuta yaliyofika.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wakurugenzi wa halmashauri na waganga wakuu wa wilaya za Musoma, Bunda na Butiama.

Kwanza, kila mtendaji wa kijiji na wa mtaa aandike idadi ya watu wenye ualbino walio katika eneo lake pamoja na umri wao, na orodha hiyo itunzwe kwa siri katika zahanati, kwa ajili ya usalama wao. Bila hesabu hakuna bajeti, na bila siri orodha yaweza kuwa hatari.

Pili, mafuta kinga yaagizwe pamoja na dawa nyingine za zahanati, wala yasingoje wafadhili au sherehe. Tarehe 13 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa siku ya kuelimisha watu juu ya ualbino na ambayo imeadhimishwa tangu mwaka 2015, ni siku njema. Lakini chupa inayotolewa siku hiyo mbele ya mgeni rasmi haiwezi kudumu mpaka Juni nyingine.

Tatu, chombo kinachopeleka chanjo na dawa visiwani kibebe mafuta hayo katika safari ile ile. Haihitajiki boti mpya. Linalohitajika ni boksi moja zaidi ndani ya boti iliyopo.

Nne, walau mara mbili kwa mwaka tabibu aliyefundishwa kutambua dalili za saratani ya ngozi afike kila kisiwa chenye watu, awapime wenye ualbino, awatibu walio katika hatua za mwanzo, na awape rufaa wengine. Rufaa hiyo iambatane na nauli kwa asiyejiweza.

Tano, walimu wakuu wawaruhusu wanafunzi wenye ualbino kuvaa kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule haisemi hivyo, wawaketishe mbele, na wasiwape kazi wala adhabu ya juani. Na fungu la mikopo ya halmashauri, ambalo sehemu yake ni haki ya watu wenye ulemavu, liwasaidie watu wazima kupata kazi za kivulini kama vile duka au ufugaji wa kuku.

Tunajua jibu litakalokuja: fedha hazitoshi. Tunajibu kwamba watu wenyewe si wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino zaidi ya 16,000 tu katika nchi nzima. Katika kijiji cha kawaida utawahesabu kwa vidole. Halmashauri inayoona mafuta ya watu hao ni ghali ilinganishe bei yake na gharama ya upasuaji, tiba ya mionzi, na watoto wanaoachwa yatima na mzazi wa miaka 30. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawahesabu ndugu hawa kuwa wenye haki ya huduma za afya. Haki hiyo ipo kwa wakazi wa mjini Musoma na kwa wakazi wa Rukuba bila tofauti.

Ndugu zetu wa visiwani nao wana sehemu yao. Mafuta kinga hupakwa kiasi cha nusu saa kabla ya kutoka nje, na hurudiwa kila baada ya saa mbili, na tena mtu anapotoka majini au anapotoka jasho jingi. Yasisahauliwe masikio, shingo, midomo na migongo ya mikono. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi hulainisha ngozi, lakini hayazuii jua. Chupa iwekwe kivulini, si juu ya bati wala ndani ya mtumbwi unaochemka kwa jua.

Hata hivyo, mafuta peke yake hayatoshi. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, maana kofia yenye kinga ya mbele tu huyaacha masikio na shingo wazi. Nguo iwe na mikono mirefu na kitambaa kilichofumwa vizuri. Kazi za nje zifanywe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Wenye mialo wanaweza kusaidia sana kwa jambo hili: mwenye ualbino apewe kazi ya kupima, kufungasha au kutunza hesabu chini ya kibanda, na uanikaji waachiwe wenzake. Huko si kumpendelea mtu. Ni kugawana kazi kama familia zenye busara zinavyogawana.

Na wazazi tunawaambia hivi: mtoto mwenye ualbino aanze kukingwa tangu anapotolewa nje kwa mara ya kwanza, asingojwe mpaka aanze kuungua. Kidonda au uvimbe usiopona kwa mwezi mmoja upelekwe zahanati. Usitafutiwe mchawi, wala usifunikwe kwa majani mpaka uoze. Saratani ya ngozi ikiwahiwa hukatwa ikaisha. Ikichelewa hula sikio, kisha jicho, kisha uhai.

Mkoa huu una kaburi la Mwalimu Nyerere pale Butiama, na kila mwaka viongozi hufika hapo kuweka mashada na kukumbushana habari za usawa wa binadamu. Usawa huo hupimwa mahali pasipo na mashada. Hupimwa katika rafu ya zahanati ya kisiwani, siku ya kawaida, mama anapofika na mtoto wake mwenye ualbino kuomba mafuta. Akirudi mikono mitupu, hotuba zetu zote zitakuwa zimepungukiwa. Tunawataka wahusika wahakikishe kwamba harudi mikono mitupu, na bajeti ijayo ya kila halmashauri iwe ushahidi wa jambo hilo.