Mnara Uombewe Idhini

Mwezi Mei 2023, mjini Dodoma, Serikali ilitia sahihi mikataba ya kujenga minara 758 ya simu nchini. Jambo hilo twalipongeza. Mkulima wa Mvumi anahitaji simu ili aulize bei ya zabibu zake, na mgonjwa wake apate kuitiwa gari.

Lakini mnara husimama juu ya ardhi, na ardhi ya kijiji ina wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Basi kampuni ikifika, isiishie kwenye muhuri wa mwenyekiti. Isimame mbele ya mkutano, itaje mahali, kodi na muda. Wanachama wawe wa kwanza kuhudhuria na kuhoji. Kumwuliza mwananchi si kuchelewesha maendeleo, ndiko kujitawala.