Risasi rahisi za Mosin-Nagant zina gharama yake

Mwandishi mmoja amesifu risasi kuukuu za Kisovieti za bunduki ya Mosin-Nagant, 7.62x54R, kwa bei yake tu. Naomba niongeze jambo zito. Fataki zake huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na kutu huanza upesi. Mafuta peke yake hayaiondoi. Siku hiyohiyo uliyofyatua, pitisha maji ya moto mtutuni, osha komeo pia, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Usiyeweza kazi hiyo, nunua risasi mpya za Prvi Partizan kutoka Serbia: fataki zake haziachi chumvi hiyo, na maganda yake ya shaba yanaweza kujazwa tena. Ila kwanza, bunduki ya zamani namna hii ikaguliwe na fundi kabla hujafyatua hata risasi moja.