Songea ipime giza lake kabla taa hazijazidi

Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya umeme kutoka Makambako, na ngurumo za majenereta ya dizeli zikanyamaza. Hakuna anayezililia. Hata hivyo, kila taa mpya inayomwaga mwanga juu badala ya chini hufifisha nyota, na Manispaa inapaswa kujua inapoteza kiasi gani.

Kupima si kazi ngumu. Kipo kifaa kinachoenea kiganjani, huelekezwa utosini na kutoa namba. Namba ikipanda, giza ni zito: katikati ya jiji kubwa husoma 17 au 18, porini kusiko na taa hukaribia 22. Tofauti yaonekana ndogo, kumbe hatua tano za kipimo hicho ni mwangaza mara 100. Asiye na kifaa ahesabu nyota kwa macho. Mradi wa Globe at Night hukusanya hesabu kama hizo tangu 2006, na uchambuzi wake wa 2023 ulionyesha anga, hasa ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, iking'aa zaidi kwa karibu asilimia 10 kila mwaka.

Lakini namba peke yake hudanganya.

Juu ya mji wenye taa, mawingu huurudisha mwanga chini na anga ikang'aa. Juu ya kijiji kisicho na taa, mawingu hayohayo huongeza giza. Kwa hiyo kipimo kichukuliwe usiku usio na mwezi, kiandikwe pamoja na hali ya mawingu, unyevu na moshi. Mamlaka ya Hali ya Hewa, yenye kituo Songea, inaweza kusaidia hapo.

Mvua za Novemba hadi Aprili huwanyima watazamaji anga. Juni hadi Agosti, kitovu cha Njia Nyeupe hupita karibu na utosi wa mji huu ulio nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Baadaye moshi wa kuchoma mashamba huingilia.

Watakaosema taa ni usalama wana haki. Taa yenye kofia humulika barabara vilevile, bila umeme kupotelea mawinguni. Shule za sekondari za mjini, Peramiho na Mbinga zikipewa kifaa kimoja kimoja kiangazi kijacho, Manispaa itakuwa na takwimu mkononi kabla ya kusaini zabuni nyingine ya taa za barabarani.