Springi Hubeba, Shokomzoba Hutuliza



Baadhi ya nyumba za mwambao wetu zina gari kuukuu liendeshwalo kwa magurudumu yote manne, aghalabu Land Cruiser au Land Rover. Ndilo lipelekalo watoto madrasa, wagonjwa hospitali na jamaa harusini na maziikoni. Wanaoketi nyuma na kurushwarushwa ni akina mama na watoto. Anayezungumza na fundi ni baba peke yake. Leo, mama zetu na dada zetu, twapenda nanyi muyajue mambo haya, kwani roho zilizomo garini ni amana.

Gari likianza kurusha abiria, husemwa neno moja tu: "Shokomzoba zimekufa." Huenda ni kweli, huenda siyo. Springi ndiyo ibebayo uzito wa gari, iwe ni ya chuma kilichozungushwa au ya vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Shokomzoba kazi yake ni nyingine: ndani yake mna mafuta yanayopenyezwa katika matundu membamba, na kwa hayo kunesa kwa springi hutulia.

Basi tazameni dalili. Gari likiegemea upande mmoja penye ardhi sawa, au likiketi chini nyuma ilhali halina mzigo, ishukuni springi. Likiendelea kunesa baada ya kupita tuta, mafuta yakichuruzika ubavuni mwa shokomzoba, au tairi zikilika kwa mabaka, ishukuni shokomzoba. Mwenye kununua moja kuitibu nyingine hupoteza fedha na ugonjwa ukabaki palepale.

Wala madhara si maumivu ya mgongo pekee. Gurudumu linalorukaruka haligusi barabara sawasawa, na lisilogusa barabara halishiki breki vyema. Katika njia za changarawe za Kwale au Tana River, hapo ndipo gari huteleza konani.

Kabla ya kazi kuanza, mwambieni fundi mambo manne. La kwanza, vifaa hivi hubadilishwa viwili viwili, kulia na kushoto katika ekseli moja. Kipya upande mmoja na kikuukuu upande wa pili hulifanya gari liyumbe. Fedha zikiwa chache, kamilisheni kwanza ekseli iliyo mbovu zaidi.

La pili, chagueni springi kwa mzigo mnaoubeba kila siku. Springi nzito hufaa gari lenye shehena daima. Likiwa na watu watatu tu, litawarusha kuliko awali. Wala msishawishiwe kuliinua gari kwa ajili ya fahari, kwani likipanda juu huwa jepesi kupinduka, na mipira ya breki yaweza kuvutika.

La tatu, bushi za raba zilizochakaa zibadilishwe papo hapo, na bolti zake zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu, raba hujipinda na kukatika mapema.

La nne, gari lisiachwe juu ya jeki pekee. Liwekwe juu ya stendi imara za chuma. Springi ya kuzungushwa ikiwa imebanwa ina nguvu ya kuvunja mkono, hivyo watoto wasikaribie. Chumvi ya bahari nayo hushikisha bolti kwa kutu. Fundi azipake mafuta ya kulegeza mapema, asizipige nyundo kwa pupa.

Jihadharini pia na shokomzoba kuukuu zilizopakwa rangi zikauzwa kwa bei ya kuvutia. Rangi haiyarudishi mafuta yaliyokwisha kumwagika.

Mama anayemuuliza fundi, "Ni springi au ni shokomzoba, na umeionaje?" hamvunjii mumewe heshima. Anawalinda watoto walioketi ubavuni mwake. Ulizeni, na mwonyeshwe kwa macho yenu.