Sadaka Isiwe Jukwaa

Katika nchi yetu hapana Jumapili ipitayo pasipo watu kuombwa kutoa. Hapa zachangwa fedha za kisima, pale za yatima, kwingine za mgonjwa aliyelazwa mbali na kwao. Hilo ni jambo la sifa, wala hatuandiki leo ili kulitia doa. Taifa ambalo watu wake hawasumbuliwi na njaa ya jirani ni taifa lililokwisha kufa, ijapokuwa bendera yake yapepea. Twaandika kwa sababu twaona desturi moja mbaya ikijipenyeza katika kazi hii njema, nasi tukinyamaza tutakuwa tumeshiriki.

Desturi yenyewe kila mtu aijua. Likitangazwa changizo, kwanza hutafutwa mgeni rasmi. Mgeni rasmi huja na msafara wa magari, na ibada humngoja. Huketi mbele, kisha hupewa kipaza sauti. Husema machache juu ya Mungu na mengi juu ya nafsi yake, hutaja kiasi alicholeta, na kiasi alicholetewa na rafiki zake asiowataja majina, vigelegele hufuata. Mama mzee aliyekuja na shilingi mia tano katika pindo la kanga huzitumbukiza kikapuni, wala hapana amwonaye. Na wale ambao fedha hizo zakusanywa kwa ajili yao, kama wapo, husimamishwa mbele ya watu wapigwe picha.

Twauliza: Ni nani aliyesaidiwa siku hiyo?

Wakristo hawana udhuru wa kusema kwamba hawakufundishwa. Katika Injili, Yesu aliketi akiwatazama watu wakitia fedha katika sanduku la hekalu. Matajiri walitia nyingi. Mjane maskini akatia senti mbili tu, naye ndiye aliyesifiwa, kwa kuwa wengine walitoa katika ziada yao, bali yeye alitoa riziki yake. Leo katika makanisa mengi mizani hiyo imepinduliwa: ziada yapigiwa makofi, na riziki haitajwi.

Kanisa la kwanza lilijua pia kwamba fedha za maskini zina hatari zake. Kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia jinsi wajane wa upande wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walivyosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Manung'uniko yalipotokea, Mitume hawakuwakemea watu kwa kukosa shukrani, wala hawakusema kwamba mambo ya kanisa hayahojiwi. Waliwataka waumini wachague watu saba wenye sifa njema wawekwe juu ya kazi hiyo. Nao saba wote majina yao ni ya Kiyunani. Yaonekana basi kwamba upande ulionung'unika ndio uliokabidhiwa ghala.

Mtume Paulo naye alikusanya mchango mkubwa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Aliwaagiza Wakorintho kila mtu aweke kitu akiba nyumbani siku ya kwanza ya juma, kadiri ya mapato yake, ili kusiwe na michango hapo yeye atakapofika. Tena hakuibeba fedha hiyo peke yake. Alifuatana na watu waliochaguliwa na makanisa, kwa kuwa hakutaka lawama juu ya mali nyingi kiasi kile. Tazameni jambo hilo. Mgeni mkubwa kuliko wageni rasmi wote wa Kanisa alikataa changizo kufanywa siku ya kuja kwake, na mtu mwaminifu kuliko wengi wetu alitaka kukaguliwa.

Tumesikia wakisema: "Bila mgeni rasmi hapapatikani kitu, watu wetu ni maskini." Hoja hii twaiheshimu, maana wasemao hivyo mara nyingi ni mapadre na wachungaji wenye paa linalovuja na wagonjwa mlangoni. Lakini wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wamakedonia, ambao Paulo aliwatolea mfano, walikuwa watu wa umaskini mkubwa.

Wala si lazima twende mbali hivyo. Vita Kuu vilipokwisha mwaka 1945, Wajerumani walikuwa na njaa katikati ya magofu, wakapokea chakula na nguo kutoka kwa watu wa Marekani na kwingineko, watu ambao jana walikuwa adui zao. Mwaka 1958 maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo walianzisha Misereor, na mwaka uliofuata Waprotestanti wakaanzisha Brot für die Welt, yaani mkate kwa ulimwengu. Waliokuwa wamelishwa jana walianza kulisha wengine, nao walichangishwa makanisani, Wakatoliki katika Kwaresima na wenzao katika siku za kuelekea Krismasi. Sehemu ya fedha hizo ilifika kwetu; Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni ushahidi mmojawapo. Sisi wenyewe tulisomeshwa katika shule ya misheni, tukalala juu ya vitanda vilivyonunuliwa na watu ambao hatukupata kujua majina yao. Hawakutudai kura.

Mfano mwingine uko hapa nyumbani. Mwaka 1964 lilianzishwa shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, lijulikanalo kwa herufi TCRS, chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani. Wakimbizi wa Burundi walipomiminika nchini kuanzia mwaka 1972, Serikali iliwapa ardhi huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na shirika hilo likawa miongoni mwa waliosaidia kufungua makazi hayo. Watu walipewa chakula cha kuanzia, kisha jembe na mbegu. Misitu ikawa mashamba; waliokuja mikono mitupu wakafikia kujilisha na kuuza ziada. Kuanzia mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao na watoto wao walikabidhiwa vyeti vya uraia. Hiyo ndiyo sadaka iliyoelewa methali yetu ya mgeni wa siku mbili na jembe la siku ya tatu. Anayetoa kwa namna hiyo atafuta siku ambayo hatahitajiwa tena. Atoaye kwa ajili ya sifa aombea shida isiishe.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kukutana na jambo hili uso kwa uso. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu Wakatoliki kuikosoa Serikali hadharani, Rais William Ruto alitoa zaidi ya shilingi milioni mbili za Kenya katika parokia moja ya Nairobi. Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zirudishwe. Wako waliomlaumu, wakisema fedha haina dhambi. Sisi twasema alifanya neno la busara. Mkono uliokwisha kupokea bahasha hauwezi kunyoshwa kuonya, na Kanisa lisiloweza kumwonya mtawala halimfai hata mtawala mwenyewe.

Hapa yatupasa tuseme na watu wa nyumba yetu, maana gazeti hili ni la Chama, na asiyeanza kwake hana haki ya kufagia uwanja wa jirani. Miongoni mwa wageni rasmi hao wamo wanachama wetu, tena si wachache. Huzidi kuonekana makanisani na misikitini kadiri uchaguzi unavyokaribia, na uchaguzi ukipita, yatima hawawaoni tena. Ndugu hao wakumbuke kwamba mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima vilikuwa kinyume cha Katiba, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Takrima haigeuki kuwa halali kwa kuingizwa katika kikapu cha sadaka. Mwanachama atakaye kutoa, na atoe Jumapili ile asiyogombea kitu, akiwa ameketi benchi la nyuma.

Tena wasidhani kwamba kutoa kwao kwafuta wajibu wao mwingine. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere, Mkristo mwenyewe, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba haitoshi Kanisa kuwahurumia maskini. Lazima lishirikiane nao kupinga mipango ya jamii inayowafanya wawe maskini. Kiongozi anayetoa mablanketi kwa wagonjwa huku ameketi juu ya bajeti ya zahanati hajatoa sadaka. Amerudisha kidogo katika kingi alichozuia.

Lakini pasiwe na mtu atakayeyatumia maneno haya kufunga mfuko wake. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 wakafa, na maelfu wakakosa pa kulala. Siku kama ile haingoji mabadiliko ya mipango ya jamii. Yataka uji, shuka, dawa na jembe la kufukulia, tena kabla ya jua kuchwa. Matope hayakuuliza dini ya mtu, wala msaada usiulize. Watoao zaka na watoao zaka ya Kiislamu na wasio na dini wote hukutana hapo.

Basi twatoa ushauri wetu kwa viongozi wa makanisa, kwa heshima. Kwanza, michango ya wenye shida ikusanywe kidogo kidogo kila juma, kama Paulo alivyoagiza, isingoje mtu mkubwa. Pili, majina na viasi visitangazwe. Anayetaka stakabadhi apewe ofisini. Tatu, hesabu isomwe mbele ya waumini: zilizoingia, zilizotoka, na zilizobaki. Nne, katika kamati ya kugawa wawemo watu wa upande wa wenye shida, kama wale saba. Tano, mtu asipigwe picha na unga alioupokea. Umaskini wamtosha, asiongezewe na aibu.

Mambo hayo hayahitaji sheria mpya wala fedha za kigeni. Yahitaji padre mmoja, mchungaji mmoja, mzee wa kanisa mmoja atakayesema Jumapili ijayo kwamba leo hapana kiti cha mbele. Ikiwa siku hiyo kikapu kitapungua, kipungue. Yule mama wa shilingi mia tano atakuwepo, na sadaka yake itahesabiwa pamoja na nyingine zote.