Mwendo Mmoja: Maoni juu ya Bendi za Mashindano

Asubuhi, katika shule nyingi za Tanzania, ngoma hupigwa, filimbi hulia, na watoto huingia madarasani kwa mistari. Mpita njia hudhani hilo ni jambo dogo. Lakini waulize watu wazima waliopiga ngoma hizo utotoni, hapa Arusha au katika vijiji vya mlima Meru, nao watakueleza siku za mashindano ya bendi kana kwamba zilikuwa jana. Wamesahau hesabu nyingi walizofundishwa, bali hawamsahau aliyebeba ngoma kuu. Kisha husema, "Mashindano ndiyo yaliyotulea. Pasipo kombe, vijana hawawezi kuwa na adabu."

Je, neno hilo ni kweli? Yafaa tulipime kabla ya kulikubali. Mimi naona ya kuwa wazee hao wana haki kuzitamani siku zile, ila wanakosea sababu. Lililowalea si kombe. Ni kule kujifunza kwenda pamoja. Mashindano yalikuwa kinoo tu, cha kunolea kisu. Na mtu hali kinoo.

Kwanza tutazame vitu hivi vilitoka wapi. Ngoma ni yetu tangu kale, na baragumu za pembe pia. Buruji ya shaba ililetwa na majeshi. Katika maboma ya Wadachi, ndio Wajerumani, kama boma la Arusha lililojengwa mwaka 1900, buruji ndiyo iliyowaamsha askari na kuwaita kazini. Njia ya pili ilikuwa kanisa. Katika Ujerumani vyama vya wapiga tarumbeta wa makanisa vilienea sana katika karne ya 19, na mchungaji Johannes Kuhlo, aliyeishi tangu 1856 hata 1941, alisifika kwa kuviongoza. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakajenga Nkoaranga katika Umeru mwaka 1902 na Ilboru karibu na mji wa Arusha mwaka 1904. Desturi ile ya kumsifu Mungu kwa shaba ikashika mizizi katika makanisa ya Kilutheri ya kaskazini, na hata leo matarumbeta husikika katika ibada na katika arusi za mji huu.

Lakini mashindano yenyewe hayakuanzia bomani wala kanisani. Yalianza kwa watu wenyewe, pwani. Mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa, vijana waliziona bendi za Wazungu, wakatunga ngoma yao, wakaiita beni. Walivaa kama maaskari na mabaharia, wakapanga mistari, wakachagua wakubwa wenye vyeo vya kifalme na vya jeshi. Ngoma hiyo ikaingia Tanganyika, na huko vyama viwili vikawa mashuhuri kuliko vyote, Marini na Arinoti. Mji wenye Marini ulikuwa na Arinoti pia, kwa kuwa hapana mashindano ya mtu mmoja. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni, kilichotolewa mwaka 1975.

Tusivicheke vyama hivyo. Mgeni aliyefika mji asioujua alipokewa na wenzake wa beni. Aliyeugua alisaidiwa, na aliyekufa mbali na kwao alizikwa kwa heshima. Basi mstari wa ngoma ulikuwa pia mkono wa msaada. Lakini vyama hivyo vilikuwa na upande wa pili. Kila chama kilitaka kukipita kingine kwa mavazi na kwa karamu, na watu walitoa fedha nyingi ili wasiaibishwe na wapinzani wao. Wahenga walisema kweli: ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Vita ya 1914 hata 1918 iliieneza beni mbali zaidi. Maelfu kwa maelfu ya wanaume walichukuliwa kuwa askari na wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi kwao, na wengi wao waliuawa na maradhi wala si risasi. Waliorudi walikuja na mwendo wa gwaride miguuni mwao. Katika Malawi ikatokea ngoma iitwayo malipenga, ambayo wachezaji wake hupuliza vibuyu vilivyozibwa tundu kwa utando wa buibui, navyo hulia kama shaba. Tena si huku tu. Katika Marekani askari waliorudi kutoka vita ile ile waliunda vikosi vya ngoma na buruji, wakashindana mji kwa mji. Na baadaye kikaundwa chama kikubwa cha mashindano hayo, Drum Corps International. Watu wasiojuana, kila mmoja upande wake wa bahari, walitwaa chombo cha vita wakakifanya mchezo. Naona hilo ni jambo la kuwasifu.

Sasa tuulize: ni nini hasa kinachofundishwa katika mstari huo? Chukueni mfano wa hesabu. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde moja. Bendi ikienda hatua 120 kwa dakika, kila hatua ni nusu ya sekunde. Basi mtu aliye mita 34 nyuma ya ngoma husikia pigo likiwa limechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mguu wake huchelewa vivyo hivyo. Msafara ukiwa na urefu wa mita 170, ucheleweshaji ni nusu ya sekunde kamili: wa mbele akanyaga kwa mguu wa kushoto, wa nyuma kwa wa kulia, na kila mmoja aapa kwamba amefuata ngoma! Wala hakuna aliyesema uongo. Kwa hiyo mpigaji mwema hafuati sikio lake peke yake. Humtazama kiongozi, tena hutazama bega la mwenziwe. Hujifunza kwamba mtu aweza kuwa na hakika moyoni, na bado akawa amepishana na wenzake.

Na buruji nayo ina somo lake. Tarumbeta ina vibonyezo vitatu vya kubadili sauti, bali buruji haina hata kimoja. Milio yote ya jeshi hufanywa kwa sauti tano tu, na sauti hizo hutoka katika midomo na pumzi ya mpigaji. Mwenye tano hawezi kuimba wimbo mrefu peke yake. Lakini watu wanane, kila mmoja akitoa sauti yake kwa wakati wake, hujaza uwanja. Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho ni nani atakayejiweka tayari kwa vita ikiwa tarumbeta yatoa sauti isiyojulikana. Nami nadhani kila aliyesimama katika bendi alielewa swali lile upesi kuliko wengine.

Mimi nilipiga buruji katika bendi ya shule, kwenye mteremko wa Meru. Nakumbuka asubuhi za mwezi wa Julai, mlima umejifunika mawingu, na shaba ni baridi hata midomo inakufa ganzi. Tulikifumbata kinywa cha buruji katika kiganja ili kipate joto. Wakati wa masika ngozi za ngoma zililegea kwa unyevu, tukazikausha kando ya moto wa jikoni. Tulifanya mazoezi siku nyingi mno kwa ajili ya dakika chache za uwanjani. Na katika dakika hizo kulikuwa na kitu nisichoweza kukieleza vizuri: miguu arobaini ikigonga ardhi kama mguu mmoja, na wewe ndani yake, wala hujui mguu wako ni upi. Hicho ndicho wazee wanachokitamani. Kilipatikana hata katika mazoezi, siku ambazo hapakuwa na kombe wala mtu wa kutazama.

Lakini nakumbuka na jambo jingine. Mpigaji wetu wa ngoma kuu alikuwa mtoto wa mjane. Hakuna aliyemshinda kwa kushika mapigo. Siku ya mashindano iliamriwa kila mtu avae viatu vyeupe, naye hakuwa navyo. Walimu wakamtoa mstarini ili safu ionekane nzuri machoni pa waamuzi, wakamweka mwingine mwenye viatu. Yeye akasimama kando ya uwanja, miguu mitupu, akipiga mapigo yote kwa vidole pajani mwake. Kombe tulilipata. Leo sijui liko wapi, wala simjui anayejua. Lakini vidole vile naviona hata sasa.

Hapo ndipo kinoo kilipokata mkono wa mwenye kisu. Bendi iliyofundishwa kwamba kila mtu ana mahali pake ilimtoa mtu mahali pake kwa ajili ya sifa. Ni ugonjwa ule ule uliovipata vyama vya beni, fahari ikiyapita mapigo.

Wako wasemao, "Basi, mashindano yaondolewe kabisa." Mimi sikubali. Pasipo siku ya kushindana, mazoezi hulegea kama ngozi ya masika. Mtoto huhitaji kuwasikia watu wa shule nyingine wakipiga vizuri kuliko yeye, apate kujua ya kuwa kazi bado haijaisha. Na aliyeshindwa kwa haki hupata somo ambalo mshindi hulikosa mara nyingi. Wengine husema, "Ngoma na shaba ni mali ya wenye fedha." Wacheza malipenga wamekwisha kuwajibu kwa vibuyu vyao. Kama shule haina fedha za tarumbeta, filimbi na ngoma mbili zatosha kuwafanya watoto hamsini watu wa mwendo mmoja.

Ninalotaka ni hili. Waamuzi wapime mapigo, mstari na utii, wasipime viatu. Fedha za shule zinunue ngozi na vijiti kabla ya kofia na mishipi. Shule ikiwa haiwezi kuwavisha watoto wote viatu, wote wavue. Miguu mitupu arobaini yaweza kupiga ardhi kwa pamoja, na safu ikapendeza vile vile. Na matokeo yakisomwa, walioshindwa wawapigie washindi makofi, na washindi wasiondoke uwanjani kabla ya kuwashika mikono wapinzani wao, kwa kuwa bila hao hapangekuwa na mashindano.

Enyi wanafunzi, siku moja nanyi mtakuwa wazee, nanyi mtasimulia. Makombe mtayasahau. Lakini mtamkumbuka aliyekuwa kushoto kwenu na aliyekuwa kulia. Basi kesho asubuhi ngoma itakapolia, tazama kama yupo mtu aliyeachwa nje ya mstari, na sababu yake ni nini. Ikiwa ni ukosefu wa viatu, au wa kofia, au wa fedha, msogelee mwenzako, mfanye nafasi, umwite aingie.